Fimbo Mbili kwa Njia Moja

Ubundu, tarehe 6 Juni 1965

Kwa Yaya Lukumani, chef de gare, Rive Gauche, Kisangani

Yaya,

Nakusalimia, kaka yangu, wewe, mkeo Colette na watoto. Salamu nyingine nitazimalizia siku nyingine, maana leo moyo wangu umechafuka.

Wamemkamata Yakubu! Mume wangu alitoka hapa nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, amevaa koti la reli nililolifua nikalipiga pasi, kwa sababu tangazo lilisema wafanyakazi wote wa reli warudi kazini bila woga. Alikuwa anakuja kwenye gare yako, hapo stesheni. Wenceslas, yule anayeleta chumvi kwa baiskeli, ndiye aliyeniletea habari: askari walimfunga mikono mbele ya mlango wako, wakamvusha mto hadi gerezani. Wanasema ni mwasi. Wanasema mwaka jana, wale waasi Simba walipokuwa wanakimbia mji, Yakubu ndiye aliyeiiba treni akawapakia akawaleta huku.

Yakubu mwasi! Mtu anayeomba ruhusa hata ya kukohoa! Hao Simba wenyewe walipofika hapa walikula mbuzi wetu wote, na juu yake wakamtukana. Na kabla yao, mwaka wa uhuru, askari wengine walikula kuku. Kila anayekuja kutukomboa anaanzia kwenye banda langu. Sasa wamemaliza mifugo, wamemfikia mume.

Yaya, wewe ulikuwepo siku ile. Wewe ndiye mkuu wa stesheni, mwenye kofia nyekundu, na treni haitoki Rive Gauche, huko upande wa kushoto wa mto, bila wewe. Vuka mto, uwaambie hao mabwana yaliyotokea. Wewe watakusikiliza, mimi wataniambia niende nikapike. Wenceslas anasema wanaohukumiwa kama waasi hawarudi.

Nakungoja wewe tu.

Mdogo wako,
Mwanahamisi


Rive Gauche, tarehe 15 Juni 1965

Mwanahamisi, mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimefunga mlango, na nakuomba tangu leo upunguze sauti, hata kwenye karatasi.

Pole sana kwa yaliyompata shemeji. Roho yangu inauma. Lakini mambo haya yako mikononi mwa jeshi. Kuna commission ya kuhukumu waasi, kuna commandant, kuna watu wanaoingia ofisini kwangu bila kupiga hodi na kukaa kwenye kiti changu. Mimi ni nani? Kofia hii Mbelgiji aliiacha juu ya meza mwaka wa uhuru, akaondoka bila kuaga, nami nikaivaa. Tangu siku hiyo kuna watu hawalali kwa kuitamani. Nikikohoa vibaya, wataivua pamoja na kichwa.

Commission iliniita. Nilijibu nilichoulizwa, basi. Siku ile ya treni kulikuwa na vurugu kubwa, kila mtu alifanya lake. Yakubu naye ana kichwa kigumu, unamjua. Tuombe Mungu.

Bon, usiende sokoni kusema kwamba kaka yako aliona hili au alisema lile. Nakutumia liputa mpya, kitenge cha kujifunga, na sukari kidogo. Mambo yakiwa mabaya, funga nyumba uje huku. Chumba kipo, na Colette atakupokea vizuri.

Kaka yako,
Lukumani


Gerezani, Kisangani, tarehe 2 Julai 1965

Mke wangu Mwanahamisi,

Mimi ni mzima, ila mbavu. Barua hii anaitoa Agathe, mke wa Nicolas, fundi aliyekuwa anatia kuni kwenye mashine yangu. Nicolas tuko naye chumba kimoja. Agathe anamletea chakula, na karatasi inatoka chini ya sufuria tupu, kwa hiyo usishangae ikinuka mboga ya sombe.

Wananiuliza swali moja tu kila wanaponiita: nani alikupa treni? Nami nawauliza: tangu lini dereva anajichukulia treni? Wao ni watu wa bunduki, hawajui kazi yetu. Inabidi niwafundishe kama watoto wa shule, na wanafunzi wenyewe wanapiga.

Nawaambia: reli yetu ni njia moja tu, treni mbili zikikutana hakuna pa kupishana. Ndiyo maana kuna fimbo ya njia, ya shaba, moja tu kutoka Kisangani mpaka Ubundu. Mwenye fimbo anapita, asiye nayo anakaa. Ncha yake ndiyo ufunguo wa kufuli ya reli pale Ubundu, mashine inapogeuzwa. Dereva haiondoi ukutani. Chef de gare anamtia mkononi, na akishamtia mkononi ameshamwambia: nenda, treni ni yako.

Lukumani alinitia mkononi. Alitoka ofisini amevaa kofia, Simba wawili nyuma yake na bunduki, jasho linamtiririka. Akaniambia, "Shemeji, kamata. Tukikatala, batatuua shiye wote." Nikakamata. Nicolas aliona, lakini Nicolas naye mfungwa, nani atamsikiliza? Simlaumu Lukumani. Mimi pia niliogopa, tuliogopa pamoja.

Kinachonikera ni hiki. Kuni zilituishia porini kabla ya Ubundu, Simba wakashuka wakatawanyika. Niliiacha mashine lakini sikuiacha fimbo, kwa sababu dereva akishuka, fimbo inashuka naye. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa. Basi askari walipoikuta mashine haina fimbo wakasema: unaona, alikwenda bila kupewa, mwizi huyu! Nimeshika sheria ya kazi, sheria imenifunga.

Mwandikie Lukumani aje aseme neno moja tu: nilimpa. Najua anakuja, labda kazi zimemzidi. Na ile niliyokuachia ndani ya mukeka, kwa kuwa barabarani askari wanapekua kila mtu na wangeniita mporaji, usimpe mtu yeyote. Inarudi kwa chef de gare, mkononi.

Commission itamaliza mwezi wa nane. Usilie mbele ya watoto.

Yakubu wako


Ubundu, tarehe 12 Julai 1965

Yaya Lukumani,

Liputa yako nairudisha kwa Wenceslas. Sukari watoto walishaimaliza kabla sijajua inatoka kwa nani.

Nimepata habari za Yakubu, usiniulize kwa njia gani. Nimejua ulivyotoka ofisini siku ile, ulivyotoka jasho, na maneno uliyomwambia. Hakuna anayekulaumu, Yaya! Nani asingeogopa? Mwenyewe Yakubu anakutetea. Amekaa huko na mbavu zimevunjwa anasema, Lukumani anakuja, labda kazi zimemzidi. Nilipofika hapo kwenye karatasi nililia kwa hasira, mpaka mama mkwe akadhani kuna msiba.

"Kila mtu alifanya lake," unaniandikia. Yakubu alifanya la nani, kama si lako?

Papa wetu alipanga reli za kugeuzia treni kwa mikono yake mpaka mgongo ukapinda. Mimi na wewe tulilelewa kwenye kokoto za reli. Usiniandikie kama unamwandikia mama wa sokoni asiyejua treni inavyotoka. Nakuuliza swali moja, na nataka jibu moja: fimbo ya njia iko wapi?

Mwanahamisi


Rive Gauche, tarehe 20 Julai 1965

Mwanahamisi,

Unaniuliza kama nani? Mwanamke kumuuliza chef de gare vyombo vya kazi! Lakini kwa kuwa wewe ni damu yangu, nitakujibu ili unyamaze.

Fimbo iko mahali pake, ukutani, ofisini kwangu. Haikutoka siku ile. Commandant ameiona kwa macho yake na ameridhika. Mumeo aliondoka na treni bila kupewa, kwa nguvu. Hivyo ndivyo nilivyosema mbele ya commission na ndivyo ilivyoandikwa. Anayosema Yakubu ni ya mtu anayetafuta wa kuzama naye.

Treni ya kwanza tangu vita itafika Ubundu tarehe 14 Agosti. Dereva ni Timothée, unamjua, na ndani atakuwemo commandant na mkaguzi wa reli. Njoo usimame pale na wenzako, upige vigelegele kama raia mwema. Utaiona fimbo mikononi mwa Timothée, na hapo roho yako itatulia.

Lukumani


Ubundu, tarehe 28 Julai 1965

Lukumani,

Leo sikuiti Yaya. Kalamu imekataa.

Unajua nimekalia nini ninapoandika barua hii? Nimekalia mukeka, na ndani ya mukeka imo fimbo ya njia. Yakubu alikuja nayo siku aliyotoka porini, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Hakuleta kitu kingine, hata viatu. Chef de gare wa hapa alikuwa amekimbia, hakukuwa na wa kumkabidhi, ndiyo maana iko kwangu. Ni ileile. Ina lile kovu la siku Papa alipoiangusha juu ya reli, wewe ukiwa mkubwa wa kutosha kuona Mbelgiji alivyompiga kwa kovu hilo.

Kwa hiyo ile ya ukutani kwako ni nini? Nani amekutengenezea, Faustin wa karakana? Ametumia shaba gani, maganda ya risasi? Yalikuwa yamejaa barabarani, hukukosa mali.

Ulidhani ya kweli imepotelea porini. Ungesema imepotea, nani angekukata kichwa? Ungesema: nililazimishwa, nikampa, ikapotea. Lakini ulitaka isiwe imetoka kabisa, ili mikono yako iwe safi, na uchafu wote umwangukie mtu aliyemwoa dada yako. Mimi ndiye niliyekuwa naona fahari, mwaka wa uhuru, watoto wa Ubundu wakisema kaka wa Mwanahamisi ndiye chef mweusi wa kwanza. Nimeona aibu mpaka kwenye mifupa!

Na umesahau ulichofundishwa. Fimbo mbili kwa njia moja! Papa alikuwa akikataza hata kulitamka jambo hilo ndani ya nyumba. Fimbo mbili ni treni mbili uso kwa uso, na watu waliolala kwenye mabehewa. Na kufuli ya hapa Ubundu, Faustin alikuja kuipima lini?

Bado kuna siku kabla ya treni. Vuka mto, mwambie commandant neno moja: nilimpa. Nakupa nafasi kwa sababu mama yetu ni mmoja. Usiponiandikia kwamba umekwenda, nitajua la kufanya.

Mwanahamisi


Rive Gauche, tarehe 5 Agosti 1965

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti, Mungu anaona.

Ni kweli. Nilimpa. Simba walinishika, nikampa. Halafu jeshi lilipofika, commandant aliweka bastola juu ya meza yangu, akauliza nani aliyeitoa treni: "Nani alitosha treni?" Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo niseme, "Mon commandant, nililazimishwa," na mdomo ukasema, "Yakubu." Lilipotoka halikurudi. Kesho yake wakaniuliza fimbo, nikasema ipo, na ikabidi iwepo. Uongo mmoja unaomba chakula kila siku.

Sasa nikigeuza maneno wataniua mara mbili, kwa kuwapa Simba treni na kwa kuidanganya serikali. Colette ana mimba. Watoto wangu wako shuleni, hata kaptula za shule bado mpya.

Mwanahamisi, mto uko mbele ya mlango wako. Itupe humo, hakuna atakayejua. Kufuli nimeshamwambia mkaguzi kwamba imeshika kutu, wataivunja kwa nyundo. Mambo yakipoa nitazungumza na watu ninaowafahamu, Yakubu atapewa kifungo kidogo. Naapa. Na kama isipowezekana, basi nitakulea wewe na watoto mpaka nife. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Yakubu alikuja na mahari.

Itupe, nakusihi.

Kaka yako


Ubundu, tarehe 14 Agosti 1965

Lukumani,

Treni yako imefika, na haijaondoka.

Nilikwenda gare kama ulivyoniagiza, nikasimama na wenzangu, na mukeka kwapani. Vigelegele vilipigwa, mimi sikupiga. Timothée alishuka na ile fimbo ya Faustin, inang'aa kuliko pete ya harusi. Akaenda kwenye kufuli ili ageuze mashine. Akaingiza ncha, haikuzunguka. Akatia mafuta, haikuzunguka. Mkaguzi akasema, ni kutu, chef de gare alishatuonya. Commandant akamwita askari na nyundo.

Hapo ndipo nilipofungua mukeka. Usidhani ni ushujaa, Lukumani. Nilimwambia Timothée, "Papa Timothée, jaribu na hii." Akaiangalia. Akapitisha kidole juu ya kovu. Akaingiza ncha, kufuli ikafunguka pale pale, haikulia hata kidogo.

Commandant akasema, "Bon, imefunguka, geuza mashine, tunaenda!"

Timothée akageuza mashine, halafu akazima moto. Akashuka, akakaa kwenye reli mbele ya magurudumu. "Mon commandant, bâton iko mbili," akasema. "Njia iko moja. Miye siende."

"Ni amri!"

"Unipige tu. Nikienda na hii, nani anajua mwenye kukuja na ingine? Machiniste yote itakuambia vile. Siende."

Commandant alimpiga kweli, kofi la shavu. Timothée hakuinuka. Mkaguzi, ambaye mpaka hapo nilimwona kama koti tupu, akaja akasimama katikati akasema dereva ana haki, hakuna treni duniani inayotoka hivyo, na kwamba yeye mwenyewe hapandi. Akanigeukia. "Mama, hii bâton ulitosha wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tangu jasho lako mpaka mto ulionitaka niitupe. Barua zako nilikuwa nazo kwenye liputa yangu ya zamani, lakini sikuzitoa. Hakuna aliyeziomba. Kufuli ilikuwa wazi mbele yao.

Unasema Yakubu alikuja na mahari. Wewe ulitaka kuja na nini, Lukumani? Na mume wangu kaburini na sukari kidogo? Ulinifanya nichague kati ya watu wawili ambao sikupaswa kuchagua kati yao hata siku moja, na hilo ndilo sitakusamehe, kuliko hata uongo wenyewe.

Commandant anatuma jeep kuja kukuchukua. Barua hii nampa dereva wake. Yakubu aliniambia nisimpe mtu fimbo isipokuwa chef de gare, mkononi. Mkaguzi amekubali. Nimekaa nayo hapa kwenye reli, karibu na Timothée, na treni nzima inakungoja wewe.

Njoo uichukue.

Mwanahamisi


Ubundu, tarehe 19 Septemba 1965

Kwa Lukumani, gerezani, Kisangani

Barua yako imefika, ile iliyopita chini ya sufuria ya Agathe. Nicolas mumewe ametoka, lakini Agathe anasema ataendelea kukuletea chakula mpaka Colette ajifungue. Wewe ndiye uliyemfungisha mumewe. Watu wengine Mungu aliwaumba siku aliyokuwa na nafasi.

Yakubu yuko nyumbani. Analala upande mmoja tu kwa sababu ya mbavu. Wamemrudishia kazi. Asubuhi ya kwanza alikwenda gare kabla ya chai, akaingia ofisini kwa chef mpya, akasimama amenyoosha mkono mpaka akapewa fimbo. Hakuigusa ukutani. Nilimwambia, wewe mtu hufundishiki. Akacheka, halafu akashika mbavu.

Unaniomba nikuombee kwake. Sikumwombea. Nilimsomea barua yako, basi, nikaendelea kutwanga ndizi. Yeye ndiye aliyeinuka akatafuta lile koti, akaniambia nilipige pasi. Anakuja Kisangani na treni ya Alhamisi. Anakwenda mbele ya commission kusema kwamba ulikuwa na bunduki mbili mgongoni, kwamba uliogopa, na kwamba yeye pia aliogopa. Neno lile moja ulilomnyima, anakuja kukupa wewe.

Tumegombana kwa ajili hiyo siku nzima. Mimi ningekuacha kwanza ukae kidogo, ujue mbavu zinavyouma.

Nimempa lituma ya ndizi hizo nilizotwanga akuletee, na samaki. Nimeipika mimi, kwa mikono yangu, na hasira nimeitia humo humo pamoja na chumvi. Kula yote.

Dada yako,
Mwanahamisi